BUSTANI YA FORODHANI: ASIBAKI MTU NYUMBANI

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu matembezi ya familia katika bustani na viwanja vya watoto vya pwani

Ndugu Watumishi wa Serikali,
Ndugu Wananchi,



Miongoni mwa neema ambazo mji wa Zanzibar umejaaliwa ni kuwa na bustani iliyo ukingoni mwa bahari, katikati ya mji, ambayo mtu huingia bila ya kuulizwa yeye ni nani wala ametoka wapi. Bustani hiyo ni Forodhani. Alasiri jua linapopunguza ukali, familia huanza kuteremka, wengine kwa miguu kupitia vichochoro vya Mji Mkongwe, wengine kwa daladala kutoka Ng'ambo na mashamba. Baba humshika mdogo mkono, mama hubeba kikapu, na watoto hutangulia mbio kabla ya kuambiwa.

Sifa za bustani hii zimekwisha kusemwa mara nyingi na hazihitaji kurejewa kwa urefu. Mazungumzo haya yanahusu jambo jengine, nalo ni nani aliyeachwa nyumbani wakati familia ilipotoka. Katika baadhi ya nyumba huachwa bibi kwa kuwa miguu yake haina nguvu. Katika nyumba nyengine huachwa mtoto asiyeweza kutembea, au asiyeona, au yule ambaye akili yake imechelewa kukua. Anayeachwa hupewa maneno mazuri: "Utaletewa zawadi." Zawadi huletwa kweli, lakini upepo wa bahari hauletwi ndani ya mfuko, wala kicheko cha watoto wenzake hakiwezi kufungwa ndani ya karatasi.

MAHALI PALIPOKUWA PA KAZI

Jina la Forodhani limetokana na forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka kwa njia ya bahari. Kabla ya kuwa na majani na viti, ufukwe ule ulikuwa mahali pa kazi. Majahazi yalishusha shehena, mahamali wakabeba, na makarani wakaandika. Katika miaka ya 1930 pakafanywa bustani iliyoitwa Jubilee. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri, lakini ndimi za watu zilibaki na jina la zamani hadi leo.

Nyuma ya bustani ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa baada ya Wareno kutolewa mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Eneo lote hilo limo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Kufikia mwanzoni mwa karne hii bustani ilikuwa imechakaa. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, iliifanyia matengenezo makubwa, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, njia zikasakafiwa, taa zikawekwa, miti na majani yakapandwa, wauzaji wa vyakula wakapangiwa eneo lao, na watoto wakapatiwa mahali pao pa kuchezea.

Kwa hivyo, bustani ipo, na ardhi yake ni tambarare, jambo ambalo ni neema kubwa kwa mwenye mkongojo na kwa anayesukuma kiti cha magurudumu. Linalobaki ni kuhakikisha kuwa kila mwenye haki ya kuifikia anaifikia.

MCHEZO NI HAKI, SI TUNZO

Wapo wanaodhani kuwa mchezo ni jambo la ziada, ambalo mtoto hupewa baada ya kumaliza yote yaliyo muhimu. Mataifa hayakuona hivyo. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, umetamka katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umeongeza uzito katika kifungu cha 30: mtoto mwenye ulemavu ashiriki katika michezo na mapumziko sawa na watoto wengine. Hapa kwetu, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2006 kuhusu haki na fursa za watu wenye ulemavu, mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ulipoupitisha mkataba huo.

Neno zito katika maelezo hayo ni "sawa". Mtoto aliyepelekwa bustanini akawekwa kwenye benchi kutazama wenzake wakicheza hakupata haki sawa. Amepata nafasi ya kushuhudia haki ya wengine. Aidha, kwa mtoto mchezo ndiyo skuli ya kwanza. Humo hujifunza kusubiri zamu, kushinda bila ya kujivuna na kushindwa bila ya kulia, kuomba na kukataa. Mtoto anayenyimwa mchezo hunyimwa pia marafiki, na aliyekua bila ya marafiki huingia utu uzima akiwa mgeni katika mji aliozaliwa.

NINI MAANA YA BUSTANI JUMUISHI

Bustani jumuishi ni ile ambayo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu wanaingia kwa mlango mmoja, wanapita njia moja na wanacheza mahali pamoja. Kutenga kona moja, ikatiwa uzio na kuitwa "ya walemavu", ni utengano uliopakwa rangi nzuri.

Mambo yanayohitajika hayana siri kubwa, na mengi yake yanahitaji mazingatio zaidi kuliko fedha.

Kwanza ni njia. Kiti cha magurudumu huhitaji upana wa kiasi cha sentimita 90 kupita kwa utulivu, na nafasi ya kiasi cha mita moja na nusu kugeuka. Penye ngazi huhitajika njia mteremko isiyo kali. Kipimo kinachotumika sana ulimwenguni ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha nusu mita zitahitaji mteremko wa mita sita. Fundi akiufanya wa mita mbili kwa kuokoa saruji, atakuwa amejenga kitu ambacho mama hawezi kukisukumia mwanawe bila ya kuomba msaada wa wapita njia.

Pili ni sakafu ya uwanja wa michezo. Mchanga wa pwani ni laini kwa mtoto anayeanguka, lakini magurudumu huzama ndani yake na mkongojo haupati pa kusimama. Ikiwa mchanga unabakishwa, lazima iwepo njia ngumu inayofika hadi kwenye pembea na vifaa vyengine.

Tatu ni vifaa vyenyewe. Pembea yenye mgongo wa kuegemea na mkanda humfaa mtoto ambaye mwili wake hauna nguvu ya kujishikilia, na humfaa pia mtoto mchanga asiye na ulemavu wowote. Meza ya mchanga iliyoinuliwa humwezesha aliye kitini kuchimba na kujenga pamoja na wenzake. Vitu vinavyotoa sauti vinapopigwa, na vyenye maumbo ya kupapasa, humpa asiyeona fungu lake la furaha.

Nne ni kivuli, mahali pa kukaa na vyoo. Choo chenye mlango mwembamba hufupisha matembezi ya familia nzima, kwani mmoja akihitaji na asiweze kuingia, wote hulazimika kurudi nyumbani.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa ushirikishwaji ni jambo geni lililoletwa na mikataba. Michezo ya watoto wa Kiswahili inao tangu zamani. Katika ukuti, watoto hushikana mikono wakafanya duara, na asiyeona hushikwa mkono kama wengine, akazunguka nao bila ya kuhitaji kifaa chochote. Bao huchezwa na aliyekaa kwenye mkeka na aliyekaa kitini. Hata katika nage, ambayo inataka mbio, asiyeweza kukimbia anaweza kurusha mpira. Watoto wakiachiwa, hubuni sheria mpya kwa ajili ya mwenzao haraka kuliko kamati ya watu wazima.

MATAYARISHO YA FAMILIA

Matembezi mema huanzia nyumbani. Mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa.

Usafiri. Kizuizi cha kwanza kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mara nyingi ni barabara, kabla ya bustani kufikiwa. Ni vyema kuchagua saa ambayo daladala hazijajaa, na kondakta akaelezwa mapema kuwa kipo kiti cha kupakia. Madereva na makondakta nao wakumbuke kuwa dakika mbili za kumsubiri abiria huyo si hasara.

Wakati. Forodhani ina sura mbili. Alasiri, kuanzia saa kumi, watu ni wachache na nafasi ni kubwa. Baada ya magharibi huja wauzaji wa vyakula, moshi wa mishkaki, taa kali na msongamano. Kwa watoto wengi hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye kelele na mwanga humtaabisha, sura ya pili inaweza kuwa adhabu. Familia yake ifike mapema, imwoneshe mahali pote kwa utaratibu, na iondoke kabla hajachoka. Akianza kuziba masikio, huo ndio usemi wake, na wazazi wausikilize.

Jua. Mtoto mwenye ualbino asizuiliwe matembezi kwa sababu ya ngozi yake, bali avalishwe kofia pana na nguo za mikono mirefu, na apelekwe jua likiwa limeinama. Bustani inaelekea magharibi, hivyo jua la jioni humulika moja kwa moja kutoka baharini. Inafaa kuchagua kivuli cha mti na kumkalisha akiwa ameipa bahari mgongo.

Bahari. Hili ni la hatari na linataka uangalifu. Katika bahari yetu tofauti baina ya maji kujaa na kutoka hufikia kiasi cha mita nne wakati wa bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, yaani saa ile ile ambayo familia hufika. Vijana hupenda kuruka kutoka ukutani na kujitupa majini, na mdogo anayetazama hutaka kuiga. Mtu mzima akae baina ya mtoto na ukuta, asikae mbali akiita. Kwa mtoto asiyesikia, mwito haufai kitu. Yeye hulindwa kwa jicho na mkono. Kiti cha magurudumu kikisimamishwa karibu na ukingo kifungwe breki, na kielekezwe upande usio na maji.

Mahali pa kukutania. Familia ikubaliane tangu mwanzo kuwa anayepotea arudi kwenye alama moja inayoonekana, mathalan kibanda cha muziki kilicho katikati ya bustani. Asiyeweza kusema awe na karatasi mfukoni yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi.

Chakula. Pweza na mishkaki ni vitamu lakini vinataka meno na koo lenye nguvu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kumeza ni kazi kwake, apewe kilicho laini, kwa vipande vidogo, akiwa amekaa wima, na asiharakishwe. Samaki atolewe miba kwa mkono kabla ya kumfikia mtoto yeyote. Maji ya miwa ni mazuri, lakini anayehitaji mrija apatiwe mrija wake.

MACHO YA WATU

Baada ya njia, usafiri na chakula kutengenezwa, hubaki kizuizi kigumu kuliko vyote, nacho ni macho ya watu. Mzazi anaweza kumudu nauli na akaweza kusukuma kiti, lakini asiweze kustahamili kutazamwa. Huyo ndiye anayesema mtoto "hapendi kutoka", ilhali mtoto hajaulizwa.

Lawama kwa mzazi wa aina hiyo hazitasaidia. Kinachosaidia ni wale wanaomkuta bustanini kujua namna ya kumpokea. Asiulizwe mbele ya mtoto, "Ana nini huyu?" Mtoto anasikia, na hata asiyesema anaelewa. Watoto wengine wasivutwe na kuondolewa kana kwamba ulemavu huambukiza. Wakiuliza, wajibiwe kwa ukweli na ufupi: miguu yake haina nguvu, anatumia kiti. Kisha waachwe wacheze.

Liko jambo jengine linalofanywa kwa nia njema lakini linaumiza. Wapo watu ambao wakimwona mtoto kwenye kiti cha magurudumu humtilia sarafu mkononi. Sadaka ni jambo tukufu, na mhitaji ana haki yake. Lakini mtoto aliyevalishwa nguo nzuri na kuletwa na wazazi wake kwenye pembea hakuja kuomba. Sarafu ile humfundisha, kabla hajafika umri wa skuli, kwamba watu wamemhesabu miongoni mwa waombaji. Anayetaka kumfanyia wema amsalimie kwa jina, au amwambie mwanawe: "Nenda kacheze naye."

Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Methali hiyo haikusudii kutisha. Maana yake ni kuwa mwili alionao mtu leo ameazimwa, na ajali moja ya barabarani, maradhi ya kiharusi au miaka yenyewe inaweza kumweka kesho pale alipo jirani yake. Njia mteremko inayojengwa leo kwa ajili ya mtoto wa mwengine, huenda aliyeipitisha mkono akaja kuihitaji mwenyewe.

WAJIBU WA WATUMISHI WA UMMA

Ndugu Watumishi, bustani haijengwi na saruji peke yake. Huanza kwa mchoro, ukapita katika meza, ukatiwa saini. Kila anayeshika mchoro huo ana nafasi ya kuuliza swali moja: mtoto asiyetembea ataingilia wapi, na akishaingia atacheza na nini? Swali hilo likiulizwa mapema gharama yake ni penseli na kifutio. Likiulizwa baada ya ujenzi, gharama yake ni nyundo, saruji mpya na aibu.

Wanaoweza kulijibu vyema zaidi wapo. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliasisiwa mwaka 1985, na zipo jumuiya za wasioona, za viziwi na za watu wenye ulemavu wa akili. Waitwe kabla ya mchoro kukamilika, wasisubiri kualikwa siku ya kukata utepe. Mtu anayetumia fimbo nyeupe akitembezwa katika uwanja kwa nusu saa atayagundua mengi ambayo mhandisi hakuyaona kwa mwezi mzima.

Matunzo nayo ni sehemu ya ushirikishwaji. Pembea iliyokatika mnyororo, jiwe lililong'oka njiani, pikipiki iliyoegeshwa mbele ya njia mteremko, meza ya biashara iliyosogezwa hadi katikati ya mapito: kila kimoja katika hivyo ni mlango uliofungwa kwa mtu fulani, ingawa kwa wengine ni kero ndogo ya kupita kwa kuinua mguu. Wanaosimamia bustani wayatazame mambo hayo kila siku, na wananchi wasione tabu kuyaripoti.

Yaliyosemwa kuhusu Forodhani yanahusu pia viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, Unguja, na Tibirinzi, Pemba, pamoja na kila uwanja wa skuli na wa shehia. Si kila familia inayoweza kufika mjini, na mtoto wa Micheweni au Makunduchi ana haki ile ile ya kupembea.

HITIMISHO

Ndugu Wananchi, jengo la umma hufunguliwa mara moja, kwa hotuba na utepe. Bustani jumuishi hufunguliwa kila jioni, na wanaoifungua ni familia. Hata njia ziwe pana kiasi gani, haziwezi kumfuata mtoto hadi chumbani kwake. Na hata mzazi awe na moyo kiasi gani, hawezi kupita penye ngazi kumi na kiti mkononi. Kwa hivyo, kila upande una kazi yake na hakuna upande unaoweza kuusubiri mwengine.

Siku ya mapumziko inayokuja, kila mkuu wa nyumba asimame mlangoni kabla ya safari ahesabu watu wake: wakubwa kwa wadogo, wanaotembea kwa wanaosukumwa, wanaoona kwa wanaoshikwa mkono. Hesabu ikipungua, safari isubiri kidogo. Bahari haitaondoka, na jua la Forodhani halizami kabla ya saa kumi na mbili.